Nahodha Aliyeokoka na Watu Aliowauza



Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa darasa la ubatizo alinisubiri karibu na lango. Kundi la sifa lilikuwa limeimba Amazing Grace, na watu wengi walikuwa wametokwa na machozi, kama ilivyo kawaida wimbo huo ukiingia. Yeye alikuwa na swali. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mtunzi wa wimbo huo aliuza watu, tena Waafrika, na alitaka kujua kama ni kweli. Nikamjibu haraka haraka kwamba ndiyo, ni kweli, lakini Bwana alimwokoa katika dhoruba akaachana na mambo hayo. Akaniuliza aliachana nayo mwaka gani. Nikanyamaza. Sikujua.

Hadithi ya John Newton nimeihubiri hapa madhabahuni si chini ya mara tatu. Kila mara niliihubiri hivi: mtu mbaya, dhoruba, maombi, wokovu, anaacha biashara ya watumwa, anatunga wimbo. Inahubirika vizuri sana. Shida ni kwamba haikuenda hivyo. Wiki hiyo nilikaa chini nikayafuata maisha yake tarehe kwa tarehe, na nimeona heri niwaandikie yote, pamoja na yale ambayo hayahubiriki.

Newton alizaliwa London mwezi wa Julai 1725, mtaa wa Wapping, karibu na bandari. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mtu mkali, wa kukaa baharini muda mrefu. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mwanamke wa maombi. Alimfundisha mtoto kusoma akiwa bado mdogo kabisa, akamjaza Maandiko na nyimbo, akitumaini siku moja awe mhubiri. Lakini alikuwa na kifua kikuu. Alifariki mwaka 1732, siku chache tu kabla ya mwanawe kufikisha miaka saba. Akina mama mnaoombea watoto ambao hawaonekani kanisani, hadithi hii ni yenu. Elizabeth aliondoka duniani bila kuona dalili yoyote ya kile alichokuwa anakiomba.

Baba alioa tena. Mtoto akapelekwa shule ya bweni kidogo, na alipofika miaka 11 akaingia baharini na baba yake. Ujana wake ulikuwa wa kupanda na kushuka. Mara anafunga na kusoma Biblia, mara anarudi kwenye uchafu wake, mpaka mwishowe akasoma vitabu vya watu waliodharau imani akaamua kwamba hakuna haja ya Mungu. Mwaka 1742, akiwa na miaka 17, alimwona msichana wa Kent aitwaye Mary Catlett, akampenda kiasi cha kuikosa meli ambayo ingempeleka kazini Jamaica. Mary alikuwa bado hajafika miaka 14. Penzi hilo Newton hakuliacha maisha yake yote, na mara mbili tatu ndilo pekee lililomzuia asijiue.

Mwaka 1744 alikamatwa barabarani na kikosi cha jeshi la wanamaji, maana siku hizo Uingereza vijana walikuwa wanakamatwa kwa nguvu kuingizwa kwenye meli za vita. Baba yake akamfanyia mpango wa cheo kidogo. Yeye akatoroka. Akashikwa, akavuliwa shati mbele ya wenzake, akapigwa viboko, akashushwa cheo. Mwaka uliofuata, walipofika kisiwa cha Madeira, nahodha wake alifurahi sana kumbadilisha na mtu wa meli nyingine. Meli hiyo ilikuwa inaelekea Afrika Magharibi kununua watumwa.

Hapo ndipo pananigusa kuliko dhoruba yenyewe, na sijawahi kumsikia mhubiri akipataja.

Newton alishuka Sierra Leone, akaajiriwa na mzungu aliyekuwa mfanyabiashara wa watumwa katika visiwa vidogo vya Plantain. Alidhani atatajirika. Badala yake akashikwa na homa kali, na bosi wake akasafiri akamwacha mikononi mwa mke wake, mwanamke wa Kiafrika wa ukoo mkubwa wa pwani ile, ambaye hakumpenda hata kidogo. Alipewa makombo ya sahani. Nguo zake ziliisha mwilini. Usiku alikuwa anatambaa shambani anang'oa mizizi na kuila mbichi, ikimpa kichefuchefu. Bosi aliporudi, Newton alisingiziwa wizi, akafungwa minyororo kwenye sitaha ya meli na kupewa kipimo kidogo cha wali kwa siku.

Katika hali hiyo waliomlisha ni watumwa. Watu waliokuwa kwenye pingu, wakisubiri kuuzwa, walikuwa wanamega kile kidogo walichopewa na kumpelekea kwa siri mzungu aliyelala chini akiumwa. Newton mwenyewe aliliandika jambo hilo baadaye. Majina yao hakuyaandika.

Aliandika barua kwa baba yake. Baba akamwomba rafiki yake wa Liverpool, mwenye meli aitwaye Joseph Manesty, amtafute. Mwaka 1747 meli ya Greyhound ikamkuta. Cha kushangaza, wakati huo Newton alikuwa amepata bosi mwingine aliyemtendea vyema, na maisha yalikuwa yameanza kumnyookea. Hakutaka kuondoka! Nahodha ikabidi amdanganye kwamba ameachiwa urithi mkubwa nyumbani. Akakumbuka Mary, akapanda.

Greyhound haikuwa meli ya watumwa. Ilibeba dhahabu kidogo, pembe za ndovu, nta, na miti ya kutengenezea rangi. Newton alisafiri kama abiria asiye na kazi, na kwa kukosa la kufanya alikuwa anatukana. Mabaharia si watu wa kushtushwa na matusi, lakini huyu alikuwa anabuni mapya kila siku, mpaka nahodha akaanza kuogopa kwamba amempakia Yona.

Usiku wa dhoruba mnaujua. Ilikuwa Machi 1748, kati ya Newfoundland na Ireland, naye alikuwa na miaka 22. Bahari ilipasua ubavu wa juu wa meli, maji yakaingia hadi alipolala. Alipokuwa anapanda ngazi nahodha akamwambia arudi kuchukua kisu, na mtu aliyepanda badala yake akasombwa na wimbi pale pale. Newton alipiga pampu tangu saa tisa usiku hadi karibu adhuhuri. Alipoishiwa nguvu akafungwa kwa kamba kwenye usukani, akaishika meli hadi usiku wa manane. Nta na miti, vitu vyepesi kuliko maji, ndivyo vilivyoiweka meli juu. Katikati ya kazi hiyo likamtoka neno la kumwomba Bwana rehema, akashtuka kulisikia kinywani mwake. Halafu akiwa usukanini, saa baada ya saa, yale Maandiko ya mama yakaanza kurudi.

Walielea karibu wiki nne. Chakula kiliwaishia, na kipande cha mwisho kilikuwa jikoni kinachemka walipoingia bandari ya Lough Swilly, Ireland. Aliacha matusi siku hiyo, moja kwa moja. Na hadi mwisho wa maisha yake aliiweka tarehe ya dhoruba, 21 Machi kwa kalenda ya sasa, kuwa siku ya kufunga na kushukuru.

Hapo ndipo nilikuwa naishia na kuita watu mbele.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwaka huo huo wa 1748 Manesty alimpa kazi kwenye meli ya Brownlow kama msaidizi wa nahodha. Kazi ya meli hiyo ilikuwa kununua watu Afrika Magharibi na kuwapeleka Marekani. Newton akaenda. Mwaka 1750 akamwoa Mary wake. Mwaka huo huo akapewa meli yake mwenyewe, Duke of Argyle, na baadaye nyingine iliyoitwa African. Alifanya safari tatu kama nahodha wa meli ya watumwa, kati ya 1750 na 1754. Zote baada ya kuokoka.

Na hakuwa mlokole wa jina tu. Jumapili alikuwa anakusanya mabaharia wake kwa ibada, akiwaongoza mwenyewe. Alikuwa na saa zake za maombi na Neno. Alijifunza Kilatini akiwa baharini. Alimwandikia mke wake barua za upendo na za kiroho zinazosifiwa hadi leo. Na chini ya mbao alizopigia magoti, watu walikuwa wamelazwa kwa safu, wamefungwa wawili wawili. Katika kitabu chake cha safari ameandika, kwa mwandiko ule ule wa mtu mwaminifu, jinsi alivyowatia vijana wadogo wa Kiafrika pingu na kuwabana vidole kwa chuma ili waseme kama kuna njama ya kuasi.

Nimesomea biashara, na nikisoma habari za kazi yake naona mtu ambaye kampuni yoyote ingemtaka. Makini, mkweli kwa mwenye mali, hesabu safi. Safari yake ya mwisho ilimalizika bila kupoteza mtu hata mmoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa katika biashara hiyo, na mji wa Liverpool ukalisema. Newton akafanya nini? Akatoa shukrani makanisani. Wapendwa, nimesoma hapo nikaifunga kompyuta. Alitoa shukrani kanisani kwa safari ya watumwa iliyokwenda salama, na bila shaka watu waliitikia amina.

Wako wanaosema basi hakuwa ameokoka. Ni jibu rahisi na nilitamani kulichukua. Newton mwenyewe, alipoandika maisha yake miaka mingi baadaye, alikiri kwamba wakati wa dhoruba hakuwa bado muumini kwa maana kamili ya neno hilo, na kwamba alikua polepole. Lakini hata tukisukuma tarehe mbele haitusaidii. Mwaka 1754, kwenye kisiwa cha St Kitts huko Karibi, alikutana na nahodha mwingine aliyeokoka, Alexander Clunie. Kwa karibu mwezi mzima walikuwa wanatembeleana jioni, leo meli hii kesho meli ile, wakizungumza habari za neema na uhakika wa wokovu hadi karibu na mapambazuko. Newton alisema ndipo alipoielewa neema vizuri. Mashamba ya miwa ya kisiwa hicho yalilimwa na watumwa, na yeye alikuwa amewaleta wengine. Mioyo miwili inayowaka, usiku baada ya usiku, na hilo halikuwasumbua.

Ninavyoamini mimi ni kwamba alikuwa amezaliwa mara ya pili. Aliyezaliwa ana uhai, lakini mtoto mchanga haoni mbali. Kumbukeni yule kipofu wa Bethsaida katika Marko 8. Yesu alimgusa mara ya kwanza, naye akaona, lakini watu aliwaona kama miti inayotembea. Hakuwa kipofu tena. Hata hivyo kama angeondoka hapo akifurahi na kutoa ushuhuda, angeishi maisha yake yote akidhani watu ni miti. Newton aliguswa mwaka 1748, na kwa miaka mingi watu weusi kwake walikuwa miti. Mbao. Mizigo ya kuhesabu.

Ngoja niseme yangu, maana si haki kumchambua marehemu peke yake. Kabla ya kuitwa kwenye huduma nilikuwa afisa wa mikopo katika kampuni moja ndogo. Niliokoka kidato cha tatu, kwa hiyo nilikuwa nimeokoka miaka mingi. Jumanne asubuhi tulianza mkutano wa wafanyakazi kwa maombi na mimi ndiye niliyekuwa natoa neno. Halafu tunapanda pikapu kwenda kubeba vitu vya walioshindwa kulipa. Mtungi wa gesi, meza, televisheni. Siku moja tulibeba cherehani ya mama mmoja. Karatasi zilikuwa sawa, alikuwa ametia sahihi mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeomba turudi salama. Tulirudi salama. Nilimsimulia mama yangu jioni, ile stori tu ya kazini, akaniuliza kama cherehani mmebeba, hiyo pesa ataitoa wapi. Hakusema kitu kingine. Nilikuwa na digrii ya biashara na sikuwa nimeliona hilo.

Basi, Newton aliachaje? Hapa ndipo jibu langu kwa yule kijana lilikuwa baya zaidi. Hakuacha kwa sababu dhamiri ilimshtaki. Novemba 1754 alikuwa amebakisha siku mbili kung'oa nanga tena. Alikuwa amekaa nyumbani na mke wake wakinywa chai, ghafla akaanguka akapoteza fahamu, akalala hivyo kama saa nzima. Madaktari wakamkataza bahari. Ni hivyo tu. Akiba yake aliendelea kuiweka kwa Manesty.

Mwaka 1755 alipata kazi ya serikali bandarini Liverpool, ya kukagua meli zinazoingia na kutafuta magendo. Aliifanya karibu miaka tisa. Katika muda huo alijifunza Kigiriki na Kiebrania peke yake, akaanza kuhubiri kidogo kidogo, akaomba kuwekewa mikono katika Kanisa la Uingereza. Walimkatalia, na akangoja miaka sita hivi. Mwaka 1764 mlango ukafunguka, akawekwa Olney, mji mdogo wa watu maskini waliofuma lesi kwa mikono. Watu walijaa, ikabidi kanisa liongezewe nafasi. Alimtunza rafiki yake mshairi, William Cowper, aliyesumbuliwa na giza la akili, hakumchoka miaka yote. Pamoja walitoa kitabu cha nyimbo mwaka 1779. Wimbo wetu ule Newton aliutayarisha kuambatana na mahubiri ya Mwaka Mpya, 1 Januari 1773, kutoka 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapoketi mbele za Bwana na kushangaa kwamba amefikishwa hapo. Tuni tunayoijua si yake. Iliunganishwa na maneno hayo Marekani mwaka 1835, yeye akiwa ameshakufa zamani.

Angalieni tarehe lakini. Wimbo unaosema habari za kipofu kuona ulitungwa 1773. Hadi mwaka huo hakuwa ametamka neno moja hadharani dhidi ya biashara ya watumwa. Hata katika kitabu cha ushuhuda wake cha 1764, kilichosomwa kila mahali, aliieleza kazi ile kama kazi isiyopendeza, kama ya askari jela, ambayo alikuwa anamwomba Mungu ambadilishie. Kwamba ni dhambi, hapana.

Januari 1780 akahamia London, kanisa la St Mary Woolnoth, katikati ya mabenki na maduka ya matajiri. Desemba 1785 akaja kwake mbunge kijana wa miaka 26, William Wilberforce, kwa siri kama Nikodemo. Alizunguka uwanja wa mtaa kwanza kabla ya kupata ujasiri wa kubisha. Alikuwa ametoka kuokoka na alifikiri labda aiache siasa. Newton akamshauri abaki Bungeni, Mungu anaweza kumtumia pale pale. Mwaka 1787 Wilberforce akalibeba suala la watumwa, na wanaharakati wakaanza kuzunguka bandarini wakitafuta watu walioiona biashara hiyo kwa macho. Mabaharia wengi waliogopa kusema. Wenye meli walikuwa na pesa na wabunge.

Newton alikuwa na miaka 62. Alikuwa na jina zuri, vitabu, waumini waliompenda, baadhi yao wakiwa wafanyabiashara wakubwa. Angeweza kuomba faraghani na kunyamaza. Yaliyopita yamepita, damu imeshafunika. Mimi ningeshawishika kufanya hivyo.

Mwaka 1788 alichapisha kijitabu juu ya biashara ya watumwa wa Afrika. Alianza kwa kukiri hadharani, akisema wazi kwamba ungamo lake limechelewa mno, na kwamba itakuwa aibu yake siku zote kukumbuka alivyoshiriki. Kisha akaeleza kila kitu, kwa utulivu wa mtu wa hesabu. Jinsi watu walivyopangwa kama vitabu kwenye rafu. Jinsi asubuhi aliye hai alivyokutwa amefungwa pingu moja na aliyekufa usiku. Waliyotendewa wanawake na mabaharia. Aliwatetea Waafrika aliowajua, kwamba ni watu wenye akili na heshima, na kwamba wazungu ndio waliowaharibu. Mwaka huo alihojiwa na baraza la mfalme, na mwaka 1790 akahojiwa na kamati ya Bunge.

Katika kujieleza alitaja jambo ambalo limenikalia kooni. Alisema alipokuwa katika biashara ile hakuwahi kuwa na shaka, na hakuna rafiki hata mmoja aliyewahi kumdokezea kwamba ni vibaya. Hakuna! Wachungaji aliowasikiliza, Clunie, makanisa yaliyopokea shukrani zake, wote kimya. Na alitaja yaliyompofusha: mazoea, mfano wa wengine, na faida. Hilo la tatu nawaachia wenye biashara tulioko hapa, mimi nikiwemo, maana faida ina namna ya kusoma Biblia pamoja nawe na kukugeuzia kurasa.

Najua wengine wakisikia habari za kuelewa upya wanaogopa, na wana haki. Tumewaona wenye mafunuo mapya nchi hii, na tumezika watu. Lakini Newton hakupata ufunuo mpya wowote. Neno la kumpenda jirani lilikuwa katika Biblia ile ile aliyoisoma kwenye sitaha. Alichofanya ni kukubali, akiwa mzee, tena mchungaji, kwamba kuna ukurasa alikuwa anaupita. Petro naye alikuwa amejazwa Roho Mtakatifu tayari alipopanda juu ya dari kule Yafa, na ilibidi aonyeshwe lile shuka mara tatu ndipo akubali kuingia nyumbani kwa Kornelio. Nikiwaza maswali ya upande wetu, nawaza dada anayelala jikoni kwa nyumba ya mlokole na halipwi hadi mwezi ufike tarehe kumi na tano. Nawaza shamba la mjane ambalo ndugu waliookoka wamelizungushia ua. Siandiki jina la mtu.

Baada ya hapo mambo hayakuwa mepesi. Mary alikufa kwa saratani Desemba 1790. Muswada wa kwanza wa Wilberforce ulishindwa mwaka 1791, na mingine ikashindwa mwaka baada ya mwaka. Newton akaendelea kuhubiri macho yakififia. Lile kundi dogo la wachungaji na waumini alilosaidia kuanzisha London mwaka 1783, la kukutana na kujadiliana mambo ya imani, ndilo ambalo mwaka 1799 lilizaa chama cha wamisionari cha CMS. Chama hicho ndicho kilichomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ndicho kilichoanzisha Freretown miaka ya 1870, makao ya watumwa waliookolewa kwenye majahazi ya pwani yetu. Ukipita Kengeleni ukielekea Nyali, kengele iliyopapa mahali pale jina ni ya hao watu. Newton hakuijua Mombasa. Nimeitaja tu kwa sababu yule kijana aliniuliza pia Waafrika walipata nini.

Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza ilitiwa sahihi. Newton alikuwa na miaka 81, kipofu, na kumbukumbu imepungua. Alikufa 21 Desemba mwaka huo huo.

Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe mapema. Alitaka yasemwe kwamba alikuwa mpinga imani na mwasherati, na mtumishi wa watumwa katika Afrika, ambaye Bwana kwa rehema zake alimhifadhi, akamsamehe, akamweka kuihubiri imani aliyoipinga. Nimeyasoma mara kadhaa. Yanataja siku alizokuwa mtumishi wa watumwa pale Plantain. Miaka aliyokuwa nahodha wao hayaitaji. Kwa hiyo kijana wangu akija Jumapili nitampa jibu la mwaka, nitamwonyesha jiwe, na nitamwonyesha pia kijitabu cha 1788, ambako yale ambayo jiwe limeyaacha yameandikwa yote.